Corky, Sarafu!

Wanasema hasidi hana sababu. Waongo. Mimi ninazo sababu, tena chungu nzima, na mwezi uliopita waliponiomba nimzungumzie Corinne Haskell kwa dakika tano, siku ya kuupa uwanja wetu wa gofu jina lake, nilikaa jikoni asubuhi nzima na karatasi mbele yangu nikizikumbuka moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyofaa kusomwa mbele ya watu wa mji wetu wa Harlow Bend.

Walichotaka walikuwa wanakijua tayari. Kwamba binti wa mpika pai wa Kansas aliingia ligi ya wanawake ya kulipwa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kwamba alishinda mashindano kumi na moja, akavunjika nyonga, akarudi, akashinda la kumi na mbili. Na zaidi ya yote walitaka ile ya Ohio.

"Loretta, tafadhali usiisahau ile ya Ohio," Marlys wa kamati aliniambia kwenye simu. "Mimi kila nikiisikia nalia."

"Siwezi kuisahau, Marlys."

"Halafu nasikia hata wewe ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshinda."

"Eh! Kumbe ni wewe?" Akacheka. "Makubwa! Basi ndiyo vizuri zaidi."

Nilikata simu nikajimiminia kahawa ya tatu. Miaka ishirini na miwili imepita na bado roho iliniuma kama jino.

Tuanze na mchanga, maana kila kitu kilianzia hapo. Tulipokuwa wadogo uwanja wetu ulikuwa na mashimo tisa, na kuzunguka kila shimo hapakuwa na nyasi, palikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ya matrekta ili upepo usiupeperushe. Maji ya Kansas ni ya ngano, si ya kuchezea. Mpira wako ukifika kwenye duara, unachukua chuma cha kuburuta, unavuta njia moja nyoofu hadi shimoni. Kisha unauokota mpira, unapima umbali kwa hatua, unauweka juu ya ile njia na kupiga kutoka hapo. Hakuna aliyewahi kuurudisha ulipotoka. Ulipotoka ni nyayo za watu tu na mavi ya sungura.

Mtunza uwanja alikuwa baba yangu, Verlin Stuckey. Alinipa fimbo ya kwanza nikiwa na miaka sita, ameikata kwa msumeno ilingane na kimo changu. Miaka miwili nilipiga mipira mbele yake kila jioni naye akinitazama huku anakula. Halafu siku moja Bernadine Haskell, aliyekuwa akipika pai kwenye mkahawa wa kando ya maghala ya nafaka, akamleta bintiye tulipokuwa mezani pale nje. Binti mwenyewe mwembamba, magoti yamechubuka, hana adabu. Akaiokota fimbo yangu bila kuomba, akapiga mpira mmoja.

Baba akaweka uma chini.

Mimi nilikuwa nimeshapiga mipira labda elfu tano mbele ya mtu yule, na hakuwahi hata siku moja kuweka uma chini. Hiyo ni sababu ya kwanza, na kama ningekuwa na hiyo peke yake ingenitosha.

Tangu siku ile tukawa wawili. Baba alitufundisha pamoja, akatulisha pamoja, akatupakia pamoja kwenye pikapu. Tulipofika miaka kumi na miwili alitupeleka Wichita kwenye mashindano ya wasichana, mara yetu ya kwanza kucheza kwenye maduara ya nyasi. Kwenye nyasi mambo ni mengine. Huko mpira unachezwa pale pale ulipolala. Ukitaka kuuokota kuupisha wa mwenzako, unaweka sarafu nyuma yake kama alama. Sarafu yenyewe ikiwa imekaa kwenye njia ya mwenzako, unaisogeza pembeni kiasi cha upana wa kichwa cha fimbo. Mwenzako akishapiga, unairudisha mahali pake, ndipo unaweka mpira. Usipoirudisha, adhabu ni mikwaju miwili juu ya uliyopiga, na kwenye gofu mwenye michache ndiye mshindi.

Corinne aliisogeza akasahau kuirudisha. Mchanga ulikuwa umeshamharibu. Kwake yeye kitu kikishasogezwa kimesogezwa. Kombe likaenda kwa binti wa daktari wa meno, na Corinne akalia kutoka Wichita hadi nyumbani, maili tisini, kichwa chake kwenye bega la baba yangu. Mimi nilikaa dirishani.

Tulipofika Baba akazima injini, akanigeukia, akaniita kwa kifupi cha Loretta.

"Lo, wewe huwa unasahau vitu?"

"Sisahau, Baba."

"Najua. Basi tangu leo wewe ni jicho lake. Akisogeza sarafu, mkumbushe."

Ndivyo ilivyoanza. Akisogeza, mimi namwita kwa jina lake la utani, "Corky, sarafu!" naye anairudisha. Mwanzoni alikuwa akishtuka. Baadaye ikawa desturi. Anainama juu ya mpira, ananiinulia macho, mimi nikinyamaza anajua kila kitu kipo sawa, anapiga. Kukumbuka mwenyewe alishaacha kabisa. Akumbuke ya nini, na mimi nipo?

Tulipokuwa na miaka kumi na sita alinishinda kwa mkwaju mmoja kwenye ubingwa wa wasichana wa jimbo. Baba akatia mkono mfukoni, akatoa ile dola ya fedha ya mwaka 1922 aliyoachiwa na baba yake, ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuishika kwa mikono michafu. Akamwekea Corinne kiganjani.

"Hii ndiyo iwe alama yako," akamwambia.

Mimi nikapewa kazi, yeye akapewa sarafu. Hebu niambieni nani hana sababu.

Mwaka 1980 tuliingia ligi pamoja. Mwaka wa pili yeye akashinda Arizona. Mimi nikawa wa arobaini na moja. Akashinda Florida, akashinda New York, akatokea kwenye jalada la gazeti akiwa amekumbatia ng'ombe, ng'ombe mwenyewe wa mjomba wangu. Hata mume! Yule daktari wa mifugo aliyemwoa baadaye alikuja mezani kwetu kwenye dansi ya kanisa akaniuliza mimi saa ngapi. Nikamwambia saa mbili na nusu. Hadi saa tatu alikuwa anacheza naye.

Na kibaya zaidi, alikuwa mwema. Angekuwa na maringo ningemchukia nikapumzika. Nikicheza vibaya alikuja chumbani kwangu hotelini na kipande cha pai, akakaa kitandani na viatu vyake.

"Shoga, bega lako la kushoto linafunguka mapema."

"Sijakuuliza, Corky."

"Najua hujaniuliza. Kula pai."

Kesho yake nalifunga bega, na mpira unakwenda sawa. Alikuwa anasema kweli kila mara, na hilo ndilo lililokuwa likinila ndani kwa ndani.

Miaka kumi na sita nilicheza bila kushinda chochote. Wa tatu mara moja, wa tano mara tatu. Halafu ikaja Ohio, Agosti ya mwaka 1996, na siku ya mwisho tukapangwa kundi moja, kundi la mwisho, mimi na yeye tu mbele ya watu wote. Asubuhi ile nilimpigia simu Baba. Mapafu yalikuwa yameshaanza kumshinda, siku nzima alikuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni.

"Baba, leo nacheza na Corky."

"Najua. Nimeshawasha na televisheni, naisubiri."

"Unataka nani ashinde?"

Akakohoa muda mrefu. "Swali gani hilo, binti yangu? Nataka mcheze vizuri."

Nilisimama pale na mkonga wa simu mkononi. Mtu akikuuliza swali kama lile, na yule mtu ni mtoto wako wa kumzaa, jibu ni neno moja tu. Hakulisema.

Nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza maishani mwangu. Tulipofika shimo la kumi na nane alikuwa ananizidi kwa mkwaju mmoja tu. Mimi nilikuwa nimepiga mikwaju miwili, yeye mitatu; mpira wangu ulikuwa hatua sita kutoka shimoni, wake hatua moja. Nikiuingiza wangu, tunalingana. Lakini ile dola ya Baba ilikuwa imekaa katikati ya njia yangu, inameta.

"Corky, nisogezee kidogo."

"Kushoto au kulia?"

"Kulia."

Akaweka kichwa cha fimbo, akapima, akaisogeza. Nikapiga. Mpira ulikwenda vizuri, ukafika mdomoni mwa shimo, ukazunguka ukingo, ukakataa. Watu elfu kadhaa wakaguna pamoja. Nikaugonga ukaingia, nikakaa pembeni.

"Pole, Lo," akaninong'oneza akipita. Na alikuwa anamaanisha, laana yake.

Akaenda kwenye sarafu. Akauweka mpira mbele ya sarafu, pale pale ilipokuwa imesogezwa. Kedi wake, mzee Elwood aliyembebea mfuko wa fimbo, alikuwa ametupa mgongo, anaulaza mlingoti wa bendera ya shimo kwenye nyasi. Corinne akaiweka sarafu mfukoni, akainama juu ya mpira.

Kisha akaniinulia macho.

Sitaki mtu anisaidie kwa kusema nilipigwa na butwaa. Sikupigwa na chochote. Neno lilikuwa kwenye ulimi, neno nililolisema miaka ishirini na sita, na nikalimeza. Niliuona uma wa Baba. Niliwaza kwamba akipiga kutoka pale ni adhabu ya mikwaju miwili, na akiadhibiwa miwili mimi ndiye bingwa. Nikageuza uso nikatazama juu.

Yeye akaona nimenyamaza. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa. Akapiga, ukaingia, watu wakaruka.

Alinikumbatia kwa nguvu hadi kofia yangu ikaanguka. Tukaingia kwenye hema la kuhesabia. Kwetu sisi mtu hajiandikii mikwaju yake. Wewe unashika kadi ya mpinzani wako na yeye anashika yako, kila mmoja anamwandikia mwenzake, kisha mnabadilishana, mnasoma, mnatia sahihi. Kadi yake ilikuwa mkononi mwangu na penseli. Kwenye shimo la kumi na nane nikaandika nne. Nilikuwa bado sijajua nitafanya nini. Nikisema nimeona, wataniuliza mbona sikusema mapema. Nisiposema, nimemnyamazia bure. Mpumbavu mkubwa, nimefanya uovu na sijui hata pa kuupeleka.

Nikamsukumia kadi. Akatia mkono mfukoni kutafuta miwani, ikatoka na ile dola, ikabingirika mezani, ikalala. Akaitazama. Nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Lo. Futa hiyo nne."

"Kwa nini?"

"Andika sita. Sarafu sikuirudisha."

Ofisa wa mashindano, mama mmoja mwenye kofia ya ukindu, akasogea. "Bibi Haskell, una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakuna aliyelalamika. Kedi wako hakusema kitu." Akanigeukia mimi. "Bibi Stuckey, wewe uliona?"

Corinne naye akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri akiwa juu ya mpira.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa natazama mawingu."

Corinne akageuza kichwa akachungulia nje kupitia mlango wa hema. Siku ile anga ya Ohio ilikuwa bluu tupu, halikuwapo wingu hata la dawa.

"Basi sawa," akasema. Akachukua penseli kutoka mkononi mwangu, akafuta nne mwenyewe, akaandika sita, akatia sahihi.

Mnajua kilichofuata. Magazeti yote yaliandika, na hakuna lililoandika kuhusu mimi. Mimi ndiye niliyeshika kombe, lakini kwenye picha kamera ilikwenda kwake, mimi nimekatwa bega, lile lile la kushoto. Walimpa nishani ya uungwana. Walimu walisoma habari zake darasani. Kombe moja nililopata katika maisha yangu yote likawa hadithi yake, na kila nikienda mahali mtu ananiuliza, "Wewe si ulikuwepo siku ile Corinne Haskell alipojiadhibu?" Nilikuwepo, ndiyo.

Nililipeleka kombe nyumbani kwa Baba. Akaligeuza mikononi, akasema ni zuri. Akaniambia nikae.

"Lo, macho yangu mabovu na televisheni yenyewe ndogo. Hebu niambie. Sarafu aliisogeza kushoto au kulia?"

"Kulia, Baba," nikajibu. Lilinitoka kabla sijafikiri.

Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Na mimi niliona kulia."

Hakuuliza kingine. Aliomba supu, nikampashia moto. Alifariki Februari, na siku ya mazishi Corinne alilia kuliko mimi. Hata pale kaburini, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa machozi yake.

Hakuwahi kumwambia mtu. Ningependa angesema. Angenitangaza redioni, angenichana mbele ya wenzetu, ningemjibu, tungegombana, yangekwisha. Lakini aliendelea kuniletea pai. Aliendelea kunitumia kadi ya Krismasi na picha za mbwa wake. Tulicheza pamoja mara nyingi baada ya hapo, hadi nilipostaafu, na kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Akisogeza sarafu, aliigeuza upande wa sura ukawa chini, ajikumbushe mwenyewe. Akishairudisha anaweka mpira, anainama, anapiga. Hakuniinulia macho tena.

Basi pale jikoni, kahawa ikiwa imepoa, niliandika maneno yangu ya dakika tano. Niliandika nyonga, nikaandika mashindano kumi na mawili, nikaandika Ohio. Mwishoni nikaandika: "Mimi niliona." Nikalisoma. Nikalikata. Nikaliandika tena.

Siku ya sherehe nusu ya wilaya ilikuja. Palikuwa na viti vya kukunja, nyama ya kuchoma, na bendi ya shule iliyokuwa ikitafuta wimbo na kuukosa. Uwanja sasa una nyasi kila mahali. Mchanga uliondolewa zamani. Corinne alikaa mbele, amenenepa kidogo, fimbo ya kutembelea kati ya magoti. Nikasimama kwenye kipaza sauti. Nikasema yote vizuri, watu wakacheka kwa ng'ombe wa mjomba. Nilipofika Ohio, Marlys alikuwa ameshatoa kitambaa. Nikafika kwenye ule mstari wa mwisho. Nikainua kichwa, nikaona nyuso mia tatu zinazompenda, na yeye katikati yao akitazama mikono yake.

"Basi," nikasema, "akaandika sita."

Makofi. Nikakaa.

Kisha wakatutaka sisi wawili tucheze shimo la kwanza kwa heshima. Tulipiga kizee, taratibu, watu wakitufuata nyuma kama msafara wa harusi. Tukafika kwenye duara. Mpira wake ulikuwa hatua moja kutoka shimoni, wangu kama hatua sita, na ile dola ya fedha, imechakaa sasa, sura imefutika, ilikuwa imekaa katikati ya njia yangu.

"Kushoto au kulia?" akauliza.

"Kulia."

Akaisogeza. Nikapiga, nikakosa, kama kawaida yangu. Akachechemea hadi pale, akainama kwa taabu, mgongo wake ukinizibia. Nilikuwa nimenyamaza Ohio, nimenyamaza mbele ya baba yangu, nimenyamaza dakika kumi tu zilizopita kwenye kipaza sauti. Nikasema kwa sauti kubwa, hadi bendi ikageuka:

"Corky, sarafu!"

Watu wakacheka, walidhani ni utani wetu wa zamani. Corinne hakucheka. Wala hakuinua kichwa.

"Nimeirudisha zamani, Lo," akasema.

Nikasogea nikatazama. Kweli, ilikuwa mahali pake, na mpira mbele yake. Akaiokota, akaitia mfukoni, akaupiga mpira ukaingia.